Kutoka Mbezi hadi Mbeya kwa basi: mwongozo kamili wa kuitunza afya yako njiani

Msafiri anayepanda basi alfajiri katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kuelekea Mbeya ana zaidi ya kilomita 800 mbele yake, na mambo yakienda vizuri atafika saa 2 au saa 3 usiku. Katika muda huo mwili wake utatoka kwenye joto la pwani lenye unyevunyevu, utapita kwenye bonde kavu la mibuyu la Ruaha Mbuyuni, utapandishwa kona za mlima wa Kitonga tumbo likiwa limetoka kujazwa wali, kisha utaingizwa kwenye baridi ya Mafinga na Makambako jua linapozama. Watu wengi hujiandaa kwa nauli, mizigo na zawadi za nyumbani, lakini mwili huuacha ujitegemee, halafu hushangaa wanapofika wakiwa na kichwa kinachogonga, miguu iliyovimba na mkojo unaochoma.

Nimeipita njia hii mara nyingi kiasi cha kuamini jambo moja: karibu kila kinachomuumiza abiria kina mahali pake barabarani, na anayejua vyoo viko wapi, joto linaanzia wapi, kona ziko wapi na hospitali ziko wapi anaweza kukipangia kabla hakijamfika. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata barabara yenyewe.

Wiki mbili kabla ya safari

Anza na dawa zako. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa au ugonjwa mwingine wa kudumu ahesabu dawa za siku zote atakazokuwa safarini, kisha aongeze za wiki moja, kwa sababu msiba, mvua au kuharibika kwa gari huweza kurefusha safari bila taarifa. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aende kliniki yake mapema aeleze kwamba anasafiri, ili apewe dozi ya kutosha, na abebe kadi yake ya CTC, yaani ya kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, ambayo itamsaidia kuhudumiwa katika kliniki nyingine akiishiwa. Kadi ya bima ya afya, kadi ya kliniki kwa mjamzito na kadi ya mtoto navyo viwekwe pamoja, na picha zake zihifadhiwe kwenye simu.

Anayetumia dawa za kukojosha kwa ajili ya presha au moyo amuulize daktari wake namna ya kupanga muda wa kuzimeza siku ya safari. Wapo wanaoamua wenyewe kuziruka ili wasisumbuke na choo, na huo si uamuzi wa kujifanyia kwenye foleni ya tiketi.

Mjamzito naye amwone mhudumu wake wa kliniki kabla ya kukata tiketi, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Desturi ya kwenda kujifungulia kwa mama ni nzuri, ila ni bora safari hiyo ifanyike mapema kuliko kusubiri wiki za mwisho, kwa kuwa kati ya Mbezi na Mbeya kuna sehemu ndefu ambazo hakuna wa kukusaidia isipokuwa abiria wenzako. Mwenye dalili za hatari kama kutokwa na damu, kuumwa sana kichwa au kuona maruweruwe asipande basi kabisa; aende hospitali.

Wakati wa kukata tiketi, chagua siti kwa kuufikiria mwili wako. Anayetapika safarini akae katikati ya basi, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa sababu siti za nyuma hurushwa zaidi. Mzee, mjamzito na mtu mwenye miguu inayovimba waombe siti ya kando ya njia, ili waweze kusimama bila kumwamsha jirani. Kuhusu jua, jambo ambalo wakata tiketi hawalisemi: Juni na Julai jua huwa upande wa kaskazini, yaani mkono wa kulia wa anayeelekea Mbeya, na mchana kutwa litakuwa usoni mwako ukikaa dirishani upande huo. Mwezi Desemba hali hugeuka.

Mfuko wa magotini

Huu ndio moyo wa maandalizi yote. Uwe mfuko mdogo unaokaa magotini au chini ya siti, na kamwe usiingie kwenye buti la basi. Nalisisitiza kwa sababu ya yaliyompata mama yangu mdogo, ambaye dawa zake za presha zilikuwa zimekunjwa vizuri ndani ya kitenge, ndani ya sanduku, ndani ya buti, chini ya magunia ya watu wengine. Aliomba buti lifunguliwe Morogoro, akaambiwa muda hautoshi. Akaomba tena mahali pa chakula, konda akaahidi kulifungua Iringa. Alimeza kidonge chake cha asubuhi saa 3 usiku, akiwa amekaa juu ya sanduku hilohilo stendi ya Mbeya.

Ndani ya mfuko huo weka dawa zako za kila siku katika pakiti zake halisi zenye majina, dawa ya maumivu uliyoizoea, pakiti mbili za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), dawa ya kuzuia kutapika kama unaihitaji, kipande cha sabuni, karatasi za chooni, chupa ya maji, chakula kidogo kisichooza na kitambaa safi. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019 si vyema kumtegemea konda akupe mfuko wa kutapikia. Beba kopo lenye mfuniko unaobana. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta (inhela) mfukoni mwa nguo, kwa kuwa mfuko wa magotini nao huweza kuteleza mbali basi linapofunga breki.

Insulini inahitaji neno la ziada. Kichupa kinachotumika huvumilia joto la kawaida la chumbani kwa takribani wiki nne, lakini hakivumilii buti la basi wala dashibodi yenye jua, na pia huharibika kikigandishwa. Kifunge katika kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo, ukiweka mbali na dirisha. Vichupa vya akiba vikiwekwa na barafu, visigusane nayo moja kwa moja.

Usiku wa kuamkia safari

Lala. Wengi hupanga mizigo hadi saa 8 usiku kwa hoja kwamba watalala ndani ya basi, na hawalali, kwa sababu ya spika, mabishano ya siti na filamu inayoanza tu mnapovuka Kibaha. Kukosa usingizi huongeza kichefuchefu na humfanya mtu asione hatari. Kula chakula cha kawaida, usile jipya lolote usiku huo, na kunywa maji ya kutosha mapema jioni.

Asubuhi kula kidogo: chai isiyo na maziwa mengi na kipande cha mkate, ndizi au kiazi. Tumbo tupu halimzuii mtu kutapika. Humfanya atapike nyongo.

Mbezi hadi Morogoro: jambo la maji

Kosa kubwa la wasafiri wetu ni kujinyima maji. Abiria anajua basi halitasimama anapotaka, hivyo anaamua kutokunywa tangu Mbezi hadi Mbeya, na kwa saa 14 mwili unakauka kimyakimya: kichwa kinauma, choo kinakuwa kigumu, damu inakuwa nzito, na wanawake hasa hupata maambukizi ya njia ya mkojo siku mbili tatu baada ya kufika. Jibu si kunywa lita nzima kwa mkupuo, bali kunywa kwa ratiba ya vituo.

Nenda chooni Mbezi hata kama husikii haja. Kisha kunywa kiasi cha robo lita kila baada ya saa mbili, kwa mafunda madogo madogo, kwani maji yanayoingia polepole hayakimbilii kibofu kwa pamoja. Ukifika stendi ya Msamvu, Morogoro, shuka uende tena chooni, usiseme "bado". Baada ya Morogoro barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na humo hakuna dereva atakayekushusha ukachimbe dawa, kwa sababu vichaka vile vina wenyewe.

Na tuzungumze wazi kuhusu huko kuchimba dawa. Pale basi linaposimama kando ya barabara, wanaume huelekea upande mmoja na wanawake upande mwingine, na wanaoumia ni wanawake, wazee na watoto. Mwanamke avae gauni pana au abebe khanga ya kujisitiri. Mtu asiingie mbali porini, asivuke barabara nyuma ya basi bila kuangalia, na anawe mikono kwa sabuni na maji ya chupa kabla ya kushika chakula. Rangi ya mkojo nayo ni kipimo cha bure: ukiwa wa njano iliyofifia, unakunywa vya kutosha; ukiwa kama chai ya rangi, ongeza maji.

Kukaa muda mrefu nako kuna hatari yake. Safari ya zaidi ya saa 4 ukiwa umekaa huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo hubaki ndogo, lakini huwa kubwa zaidi kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani au aliyewahi kupata tatizo hilo. Kila nusu saa inua visigino huku vidole vikigusa sakafu, kisha geuza, inua vidole huku visigino vikibaki chini, mara 20. Usiweke mzigo chini ya miguu ukakosa pa kuinyoosha, na kila basi linaposimama, shuka utembee.

Mkanda ufungwe muda wote. Watu huogopa malaria ya ugenini kuliko barabara, ilhali katika njia hii barabara ndiyo inayotisha zaidi. Mjamzito aupitishe mkanda chini ya tumbo, juu ya nyonga. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na abiria anayemwambia dereva apunguze mwendo hana kosa lolote, hata wengine wakimzomea.

Ruaha Mbuyuni na Kitonga: chakula na kona

Hapa ndipo ratiba ya basi inapogombana na tumbo. Mabasi mengi husimama kwa chakula maeneo ya Ruaha Mbuyuni au jirani yake kati ya saa 7 na saa 8 mchana, kukiwa na joto kali, na abiria hupewa dakika chache za kula. Wanakimbilia sahani ya wali na nyama, wanaimaliza kwa haraka, wanashushia soda ya baridi, na muda mfupi baadaye basi linaanza kupanda Kitonga, kona juu ya kona, nyuma ya malori yanayotambaa. Watu wanaotapika Kitonga mara nyingi hawana ugonjwa. Wana sahani nzima ya wali.

Kula nusu ya unachotamani. Chagua chakula kinachofuka moshi, kilichotoka jikoni mbele ya macho yako, na ukiache kile kilichokuwa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi. Kachumbari uiache, hata ikipendeza vipi, kwa sababu huijui historia ya maji yaliyoosha nyanya zile, na juisi yenye barafu nayo iache kwa sababu hiyohiyo. Mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, ndizi, mahindi ya kuchemsha yaliyo moto na karanga za kukaanga ni marafiki wazuri wa msafiri. Chupa ya maji ikague kizibo: pete yake iwe haijakatika. Tazama pia mahali pa kunawia. Kama kuna ndoo yenye bomba lakini hakuna sabuni, toa kile kipande chako mfukoni. Mara ya mwisho nilipokitoa, mabinti watatu waliokuwa nyuma yangu walikiomba kwa zamu, nikakirejesha kikiwa chembamba kama kucha.

Anayejijua kwamba hutapika amuulize mfamasia dawa inayomfaa, na aimeze mapema, saa moja au mbili kabla ya kona, yaani wakati basi likiwa Mikumi, badala ya kusubiri kichefuchefu kianze. Dawa nyingi za aina hiyo huleta usingizi. Dawa ya promethazine haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Wanaopendelea tangawizi watafune kipande kidogo kibichi. Wakati wa kupanda tazama mbele, mbali, usisome simu, na uombe dirisha lifunguliwe kidogo. Masikio yakiziba, meza mate au piga miayo. Mtoto mchanga anyonyeshwe, kwani kunyonya humfungua masikio.

Mwenye kisukari asitegemee saa ya chakula ya basi, kwa sababu tairi moja likipasuka saa hiyo hubadilika. Akiona anatetemeka, anatoka jasho jembamba au anachanganyikiwa, anywe mara moja nusu kikombe cha soda yenye sukari au maji yenye vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, kisha ale kitu. Amwambie jirani yake mapema kwamba ana kisukari, la sivyo watu watadhani amelewa.

Nahitaji kutaja na jambo la jirani mkarimu. Biskuti, pipi au juisi ya mtu usiyemjua ikatae kwa upole, kwa kuwa wapo wanaowalevya abiria ili wawaibie, na aliyelishwa dawa za usingizi huweza kupoteza zaidi ya simu. Abiria asiyeamka anapotikiswa hajachoka tu. Alazwe ubavu na afikishwe hospitali.

Kuhusu hospitali, zijue kwa mpangilio wa barabara: Morogoro kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Mikumi kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito, baada ya Kitonga kuna Hospitali ya Ilula, kisha Iringa mjini, Mafinga, na mbele ya Makambako kuna Chimala kabla ya kuifikia Mbeya yenyewe. Maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja, degedege lisilokoma, kutoka damu nyingi na kushindwa kupumua si mambo ya kusubiri stendi kubwa. Konda aambiwe kituo kilicho karibu ni kipi, na aambiwe kwa sauti.

Iringa hadi Uyole, mlangoni mwa Mbeya: baridi

Mtu wa Dar es Salaam huiona baridi akiwa amechelewa. Sweta liko ndani ya buti, yeye ana fulana iliyolowa jasho la Ruaha, na basi linakatisha Mafinga jioni, hasa kati ya Juni na Agosti, huku dirisha la mbele likiwa halifungiki. Beba sweta, soksi na shuka katika mfuko wa juu, ubadilishe fulana Iringa, na mtoto mchanga avikwe kofia kabla hajaanza kutetemeka, kwani kichwa chake hupoteza joto haraka. Baridi si chanzo cha nimonia peke yake, lakini mtoto anayepumua harakaraka, mbavu zikibonyea, anahitaji hospitali usiku huohuo.

Baridi humfanya mtu asahau kiu, hivyo endelea na ratiba ya maji.

Ukishafika, na siku zinazofuata

Usiku wa kwanza oga maji ya uvuguvugu, kula chakula chepesi, inua miguu juu ya mto kwa nusu saa, kisha lala. Miguu yote miwili ikivimba kidogo na ikapungua asubuhi, hiyo ni kazi ya siti. Mguu mmoja tu ukivimba, ukiuma kwenye shavu la mguu na kuwa na joto, au ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi katika wiki chache zinazofuata, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme kwamba ulisafiri muda mrefu.

Ukiharisha, yeyusha pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi na unywe kila baada ya choo. Pakiti zikiisha, tumia vijiko sita vya chai vilivyofutwa vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja, chumvi isizidi. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki kama atakavyoelekezwa kituoni. Choo cha majimaji mengi kama maji ya mchele, damu kwenye choo, au mtoto asiyekojoa ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

Kwa malaria, angalia unakoendelea. Mbeya mjini kuna ubaridi, lakini anayeunganisha kwenda Kyela hushuka ndani ya saa chache hadi kwenye joto na mbu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na chandarua kinamhusu tangu usiku wa kwanza. Anayetoka Makete au Njombe kwenda Dar es Salaam ana hatari kubwa zaidi, kwa sababu huko kwao malaria ni chache na mwili wake haujaizoea. Homa inayoanza siku ya pili baada ya kufika haikutokana na mbu wa ugenini, maana vimelea huhitaji angalau wiki moja tangu kuumwa. Itakuwa uliitoa ulikotoka, au ni ugonjwa mwingine. Kwa vyovyote vile pima kwanza. Ukikutwa na malaria na kupewa dawa mseto ya artemether na lumefantrine (ALu), dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta, na dozi imalizike hata homa ikiisha.

Safari ya kurudi huigeuza barabara, na mpango wako ugeuke nayo. Unaondoka Mbeya kwenye baridi ya alfajiri, hivyo sweta liwe mwilini na nguo nyepesi iwe ndani yake, kwa kuwa utalivua Ruaha. Kitonga sasa utaishuka, na basi likisimama kwa chakula Iringa, kula kidogo mno, au uvumilie hadi kona zote ziishe ule chini kwenye mibuyu. Kidonge cha kuzuia kutapika kimezwe mnapokaribia Iringa. Sabuni nunua nyingine.